Shoga yangu kakiponda kitabu changu gazetini, sasa mhariri ananiomba nihakiki cha kwake

Anti shikamoo. Naomba jina langu lisitoke maana hapa Tanga tunajuana wote na mhusika mwenyewe anaisoma safu yako.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, nina miaka 41, nimeolewa, watoto watatu. Mwaka juzi nilitoa riwaya yangu ya kwanza. Nilichapisha kwa hela yangu, kopi 500, hela nilikopa saccos na mpaka leo nakatwa kwenye mshahara. Inahusu kijana aliyezaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, baba yake aliletwa manamba kutoka Kigoma, basi humo ndani kuna mapenzi, kuna mgomo, kuna mtu anakatwa mkono na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, mambo mengi tu. Na sio kwamba nimeokota hewani, babu yangu mimi alikuwa mkata mkonge kweli, kafa mikono yake imejaa makovu.

Sasa nina shoga yangu tulisoma naye chuo, chumba kimoja miaka mitatu, ndo kanipaka hina siku ya harusi yangu, mtoto wangu wa pili anamwita mama mdogo. Mwenzangu aliendelea na shule, siku hizi anafundisha fasihi chuoni na anaandikaga uhakiki wa vitabu gazetini. Kabla sijapeleka kitabu press nilimtumia mswada wasap, ilikuwa alhamisi, nikamwambia shoga hebu pitia uniambie kama iko poa jumatatu napeleka. Jumapili usiku akanijibu hongera shoga umethubutu, na vikopa vitatu vyekundu. Mimi nikajua imepita hiyo.

Miezi minne baada ya kitabu kutoka napigiwa simu na mwalimu mwenzangu, umeliona gazeti? Sijaliona. Na wala sikulitafuta Anti, jinsi alivyouliza tu nikajua sio heri. Zikapita kama wiki mbili, asubuhi moja nimenunua vitumbua kwa yule mama wa pale kona, nafika nyumbani nafungua, nakuta jina la kitabu changu limelowa mafuta, karatasi imekuwa kama kioo yaani unaona mpaka maandishi ya upande wa pili. Nilisoma nimesimama jikoni huku watoto wananivuta kanga wanataka vitumbua vyao.

Mengine nayajua kwa moyo mpaka leo. Kaandika kwamba kurasa 190 za kwanza tunatembea kwa miguu halafu 40 za mwisho tunapakiwa kwenye bodaboda. Kaandika mama wa kijana hana kazi kwenye riwaya nzima zaidi ya kupika na kulia. Na hili ndo lililoniua, kaandika mwandishi anakata mkonge kama mtu ambaye hajawahi kuchomwa na mwiba wake. Mimi! Mjukuu wa manamba! Na yeye babu yangu anamjua, keshakula kwake! Halafu huko mwishoni kaweka maneno ya kupooza sijui lugha sijui mazungumzo ya wahusika, kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nilimwandikia "asante kwa uhakiki". Akajibu nilijua utanielewa, nimeandika kwa upendo. Basi, tangu hapo ni salamu. Mama yake alipolazwa nilikwenda kumwona, tukakaa benchi moja mimi na yeye saa nzima tunaongelea bei ya mchele.

Sasa wiki tatu zilizopita yule mhariri wa gazeti lile lile kanipigia. Shoga katoa kitabu chake cha kwanza, hadithi fupi 11, na mhariri anataka mimi nikihakiki, maneno 800, mwisho wa mwezi. Sijui hajui habari zetu au anajua ndo maana anataka. Kitabu nimekisoma mara mbili. Kuna hadithi nne nzuri, kuna moja ya bibi anayefundishwa kutumia simu na mjukuu wake nililia mwenzio. Zilizobaki kavu, zimekaa kama notsi za darasani, na wanawake wake wote wanaongea kama wanatetea tasnifu. Yaani kosa alilonisema mimi ndo hilo hilo analo!

Nimeshaandika mara tatu usiku watu wamelala. Ya kwanza ni ya kumlipa, niliandika dakika 40 sijanyanyua mkono, tamu kweli. Mume wangu kasoma kacheka kasema peleka hiyo hiyo. Ya pili nimesifia kila kitu, nikajiona mnafiki. Ya tatu iko katikati haina chumvi. Dada yangu anasema achana nao kabisa, waandishi wote vichaa.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Riwaya yangu ya pili imekwama sura ya saba tangu siku ile ya vitumbua. Nikiandika mama kaingia jikoni namsikia shoga sikioni, na huyu naye hana kazi nyingine? Nafuta. Nikiandika kaingia shambani, nasikia mwiba. Nafuta.

Nifanyeje Anti? Mpini safari hii nimeshika mie.

Mwenye maboksi chini ya kitanda, Tanga

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwenye foleni ya benki, nikairudia nyumbani na chai, na hicho kitumbua kimenikaa kooni mie mwenyewe wala sikukila. Pole. Mtu anaandika miaka, anakopa, halafu kazi yake anakuja kukutana nayo imefungia vitumbua, na iliyoandikwa hapo ni aibu yake. Pole sana.

Nikikusikiliza vizuri lakini, unaniuliza kuhusu maneno 800 na mie naona hapo kuna vitu vitatu vimegandana kama wali uliolala. Kuna shoga aliyekuumiza. Kuna kitabu kilichosemwa. Na kuna kitabu kingine kimekwama sura ya saba, ambacho umekitaja chini kabisa na ukasema hujamwambia mtu. Kwangu mie hicho ndo kinachovuja damu, hivyo viwili vingine ni makovu tayari.

Kabla ya safu hii nilikaa miaka gazetini kwenye dawati la mashairi. Bahasha zilikuwa zinakuja mpaka tunakosa pa kuweka, na nyingi zilikuwa ni majibu, fulani wa Mtwara anamjibu fulani wa Pemba aliyemwambia wiki iliyopita shairi lake lina kigugumizi. Walikuwa wanachanana kweli kweli! Na mchezo huo wa zamani, Muyaka wa Mombasa alikuwa akirushiana tungo na washairi wa Lamu karne mbili zilizopita. Ila malumbano yana adabu yake, anayekusema anakusema kwa tungo na wewe unamjibu kwa tungo, bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, kila mtu kashika silaha. Uhakiki sio hivyo. Mmoja anaongea, mwingine anatakiwa akae kimya aonekane kakomaa. Wewe ulichofanya ni kuandika "asante kwa uhakiki", neno la kiungwana, halafu ukalimeza jiwe. Sishangai kwamba miezi yote hii hujalimeng'enya.

Sasa niruhusu nikuulize mambo mawili matatu, usinichukie.

La kwanza ni ile alhamisi. Riwaya ya kurasa 230, mwenzio ana wanafunzi wake na nyumba yake, umempa siku nne, na maneno uliyomwambia ni uniambie kama iko poa jumatatu napeleka. Hivi hapo ulikuwa unaomba macho au unaomba dua? Maana mie ningeletewa hivyo ningekuombea dua tu. Na angalia alichojibu, umethubutu. Hakusema imekaa vizuri. Inawezekana hata hakuimaliza usiku ule, inawezekana aliimaliza akaona mikopo imeshachukuliwa na press inangoja akashindwa pa kuanzia. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hamjawahi kuulizana. Mmeongea mchele.

Hapo hapo na yeye simwachi. Kama kopa tatu zilikuwa za uwongo wa adabu, basi kabla ya gazeti kulikuwa na miezi minne ya kunyanyua simu, shoga mie kitabu chako nakiandikia na kuna mambo hutayapenda. Dakika tano tu. Na msomaji wa gazeti naye alistahili kuambiwa kwamba anayeandika hapa kampaka hina mwandishi. Kuandika kwa upendo kwenye karatasi ambayo kesho itafungia vitumbua, bila kumwambia mpendwa, ni upendo wa namna yake huo.

La pili ni mwiba. Umesoma pale ukamwona babu yako. Ni haki yako kuumia, lakini sentensi yenyewe ilivyo inamsema mwandishi anavyokata mkonge kwenye ukurasa, babu haimgusi. Makovu ni ya babu, mwanangu, hayakuhamia kwenye ukurasa kwa kuwa wewe ni mjukuu. Nakuuliza tu kama mtu anayependa kusoma, kwenye riwaya yako ule utomvu wa jani unaowasha ngozi upo? Kule kufunga matita na kuyahesabu jioni ujue umefikisha au hukufikisha, kupo? Kama vipo basi shoga kakuonea na hiyo ni hoja unayo. Kama havipo, hebu jiulize kama kilichokuchoma ni uwongo wake au ni kwamba anamjua babu, kala kwake, na kaona kilichokosekana. Anayekujua ndo anajua pa kubonyeza.

La tatu dogo. Yale matatu unayajua kwa moyo, ila ya mwishoni umeyaita sijui lugha sijui mazungumzo. Mwalimu wa Kiswahili mzima hujui mhakiki kaisemaje lugha yako! Natamani ulitafute hilo gazeti, safi, lisilo na mafuta, ulisome lote umekaa. Huenda ni mgongo wa chupa kweli kama unavyosema, na huenda sivyo. Na wale waliokupongeza pale stafu rumu ukawasainia, wangapi wamefika hata ukurasa wa 100? Huyu kahesabu mpaka palipoanzia bodaboda.

Nikupe kisa cha watu wakubwa kidogo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Moto ukawaka. Waliompinga hawakuwa wajinga, sheria za kutunga K. Amri Abedi alishaziweka kitabuni tangu 1954, na kwao shairi lisiloimbika lilikuwa nathari iliyokatwa katwa. Upande wa pili wakasimama akina Mulokozi na Kahigi, nao wakatunga na wakaandika kutetea, na ubishi ukaenda mpaka 1988 Ibrahim Noor Shariff anatoa kitabu chake cha ushairi, Tungo Zetu, bado watu wanavutana. Sasa kinachonifurahisha mie ni kwamba mwaka huo huo 1988 Kezilahabi katoa diwani nyingine, na hiyo nayo haikurudi kwenye mizani kuwaridhisha watu, halafu 2008 akatoa nyingine tena. Na huku mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo, kazi yake ni kuhakiki wenzake! Kafariki 2020 na waliompinga na waliomtetea wanasomwa darasa moja. Sikwambii kwamba hakuumia, sikuwemo moyoni mwake. Nakwambia fasihi yetu hii ni kijiji, anayeandika ndo huyo huyo anayehakiki, ndo huyo anayesahihisha mitihani, na ukigombana na mhakiki mmoja umegombana na nusu ya wasomaji wako na pengine na mtu aliyekupaka hina.

(Na tuseme ukweli uhakiki wetu nao una maradhi yake. Watu wamezoea wahusika, dhamira, fani na maudhui, kama kila kitabu kimeandikwa ili kidato cha nne wajibu swali la saba. Wewe mwenyewe unafundisha hivyo. Ukija kuandika 800 zako jichunge na hilo, maana hiyo ya tatu isiyo na chumvi nina wasiwasi ndo imetokea huko.)

Sasa tuje kwenye hizo njia zako.

Hiyo ya dakika 40 nimeipenda kwa sababu moja, inaonyesha mkono wako haujafa. Uliyekwama sura ya saba umeandika dakika 40 bila kufuta! Ila kuipeleka ni kitu kingine. Watakaocheka ni mume wako na mhariri, na gazeti litauzika. Wasomaji wasiojua habari zenu watakuamini, wanaojua hawatakuamini hata pale uliposema kweli, na lile kosa la wanawake kuongea kama tasnifu, ambalo ni kosa la kweli kama ulivyonieleza, litaonekana ni kisasi, na shoga atapata sababu ya kulipuuza. Utakuwa umeichoma hoja yako mwenyewe.

Ya kusifia kila kitu umejiona mnafiki, na mie naongeza kwamba hiyo nayo ni kisasi, cha kimya tu. Ni kumwambia mtu sikuoni. Zile kopa tatu zilikuumiza kuliko uhakiki, unakumbuka?

Kumwambia mhariri hapana, kama anavyotaka dada, ni heshima kabisa na wengi wangefanya hivyo. Mtu hahakiki kitabu cha nduguye. Utalala usingizi. Hatari yake ni kwamba hadithi ya bibi na simu haitapata mtu aliyeililia akaisemea, atapewa mwingine asome kurasa kumi ajaze nafasi. Na wewe utabaki na maneno yako kifuani pamoja na lile jiwe la zamani, sasa ni mawili.

Kuandika kweli yote, nne nzuri na saba kavu, ukaanza kwa kusema wazi huyu ni rafiki yangu na alishawahi kuhakiki kitabu changu, inawezekana. Ni ngumu. Kila sentensi utajiuliza hii ni ya mhakiki au ya mwenye maboksi. Mama mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na dawa yake, kila anapoponda lazima anukuu ukurasa, akikosa ukurasa wa kunukuu anafuta. Njia hii inaweza ikawarudisha na inaweza ikawamaliza kabisa, maana hujui yeye akipondwa yukoje. Wahakiki wengi ngozi zao laini kuliko zetu, nimewaona.

Na kuna njia hujaitaja kwenye barua, ambayo ni kwenda kwake kabla ya mwisho wa mwezi na kitabu chake kimejaa alama za penseli, ukamwambia nimeombwa nihakiki, kabla sijamjibu mhariri nataka tukae mimi na wewe, kitabu chako na changu, vyote viwili. Anaweza akakataa. Anaweza akadhani umekuja kumtisha. Anaweza akalia, au ukalia wewe mukasahau vitabu. Mnaweza pia mkaishia kwenye mchele tena, hilo nalo nimelifikiria. Mpini unaosema umeushika, mwanangu, sina hakika kama una kisu upande wa pili au una mtu.

Kuhusu sura ya saba. Hiyo sauti sikioni, umejaribu kuijibu badala ya kuifuta? Inauliza huyu mama hana kazi nyingine. Basi mpe, muone anafanya nini. Labda anauza pombe kambini, labda ndo anayejua nani anapanga mgomo. Labda kweli anapika tu na wewe una sababu zako, na shoga kakosea. Ila ukifuta hujajua lolote kati ya hayo. Mie nashuku, nashuku tu, kwamba ukimaliza hiyo sura utajua cha kumjibu mhariri, lakini kalenda ni yako na mwisho wa mwezi haungoji.

Uniandikie ulichoamua, chochote kile. Na hayo maboksi yakoje, vimebaki vingapi? Niwekee kimoja kwenye basi la Dar ukiandika Anti juu ya bahasha kondakta anaijua ofisi yetu, hela ya kitabu na ya mzigo nakurushia leo leo. Nataka nianzie ukurasa wa 190.